Malindi mwezi wa Mei: mji unaoulizwa uchague utalii au uwekezaji

Masika yakianza kuupiga mwambao wa Kenya, Malindi hupoteza kazi zake nyingi kwa mpigo mmoja. Hoteli za ufukweni hufunga mageti na kubakiza walinzi, fundi wa bwawa na mtunza bustani. Kaskazini mwa mji, katika mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, mvua huyazimua maji ya bahari yaliyokuwa yamekolea kwa wiki kadhaa, na uvunaji husimama. Baharini kusi huchachamaa, na mitumbwi isiyo na mashine haivuki mwamba. Mpishi wa hoteli, kibarua wa chumvi na mvuvi huingia duka lilelile, wiki ileile, wakiomba kuandikiwa unga kwa deni.

Mjadala wa maendeleo ya mji huu hurukia swali la utalii au viwanda bila kuitazama picha hiyo. Upande mmoja unataka uwanja wa ndege mkubwa na matangazo Ulaya, na upande wa pili unataka viwanda, bandari ya samaki na mashamba ya umwagiliaji. Kila upande huleta hesabu za Januari, mwezi ambao kila kitu Malindi kinalipa. Hesabu yenye maana ni ya Mei. Uchambuzi huu unashika kipimo kimoja: fedha ya umma itangulizwe kwenye kazi inayompa mtu wa Malindi mshahara kati ya Aprili na Julai, iwe imevaa shati la maua au ovaroli.

Mji uliokwisha kuegemea mtu mmoja mara tatu

Malindi ina uzoefu wa kutegemea mteja mmoja. Mwaka 1498 ilimpokea Vasco da Gama vizuri kuliko Mombasa, ikawa rafiki wa Wareno, na kwa karibu miaka mia moja urafiki huo uliilipa. Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, walihamia Mombasa pamoja na mtawala wa Malindi, na mji ukaporomoka hadi ukawa magofu. Ulifufuliwa miaka ya 1860, wakati wa Sultani Majid wa Unguja, kwa mashamba makubwa ya mtama na ufuta yaliyolimwa na watumwa. Utumwa ulipopigwa marufuku rasmi mwaka 1907, mashamba yakabaki vichaka.

Mara ya tatu ni Wataliano, na hapa kuna jambo linalosahauliwa. Hoteli za kwanza za ufukweni zilikuwepo tangu miaka ya 1930 zikihudumia walowezi, lakini Mtaliano hakuja kwa ajili ya mchanga. Alikuja kurusha roketi. Katika miaka ya 1960 Italia ilijenga kituo cha anga cha San Marco huko Ngomeni, kikiwa na majukwaa yaliyosimamishwa baharini karibu na ikweta. Setilaiti ya kwanza ilirushwa kutoka hapo Aprili 1967, na tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa ile iliyopewa jina la Uhuru. Mafundi na wahandisi walihitaji nyumba, vyakula na mahali pa kupumzikia, wakaenda kwao na kurudi na jamaa zao. Mji uliopata jina la Italia ndogo ulianza kwa mradi wa kisayansi. Wanaosema utalii na uwekezaji ni maji na mafuta wangeanza kwa kuitazama Ngomeni.

Utalii unalipa nini, na lini

Msimu wa wageni wa Ulaya ni Desemba hadi Machi, na kilele kifupi cha Agosti Wataliano wanapofunga ofisi zao. Kati ya hapo pana bonde refu. Matukio ya usalama huongeza mabonde mengine: ghasia za Likoni 1997, shambulio la hoteli ya Kikambala 2002, vurugu za baada ya uchaguzi 2007 na 2008, shambulio la Mpeketoni 2014, kisha korona mwaka 2020. Mengi ya hayo hayakutokea Malindi, lakini onyo la usafiri likitolewa Ulaya halibagui Likoni na Malindi, na kampuni ya ndege za kukodi hufuta safari za msimu mzima kwa barua moja.

Tatizo la pili ni mto. Sabaki, jina la mto Athi unapokaribia bahari, hubeba udongo kutoka nyanda za juu na kuumwaga kaskazini tu ya mji. Wakati wa kusi mkondo huusukuma udongo huo kuelekea ghuba ya Ungwana. Kaskazi inapovuma, yaani Novemba hadi Machi, husukumwa kusini hadi ghuba ya Malindi. Kwa hiyo maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa miezi ileile hoteli zimejaa. Mchanga nao umekuwa ukijikusanya mbele ya mji, na hoteli zilizojengwa pembeni mwa maji sasa zina matuta ya mchanga kati ya baraza na mawimbi. Watamu, kusini zaidi, ina maji maangavu, ndiyo maana wageni wengi wapya huishia huko. Hifadhi za baharini za Malindi na Watamu zilitangazwa pamoja mwaka 1968, lakini bahari hazikugawiwa sawa. Hakuna bango la matangazo litakalousafisha mto. Dawa iko kwenye matuta ya mashamba ya juu huko Machakos na Makueni, nje ya uwezo wa Malindi.

Tatizo la tatu ni njia ya fedha. Mgeni wa kifurushi hulipia ndege, chumba na chakula huko kwao kabla ya kupanda ndege. Kinachofika Malindi ni mishahara, umeme, maji, vyakula vinavyonunuliwa hapa na matumizi ya mfukoni. Serikali nayo hugawana kwa namna ambayo wengi hawaielewi. VAT ya asilimia 16 huenda taifa. Asilimia 2 ya mapato ghafi ya hoteli huenda Mfuko wa Utalii, wa taifa pia. Kiingilio cha hifadhi ya bahari ni cha Shirika la Wanyamapori, na kiingilio cha magofu ya Gede ni cha Makavazi ya Taifa. Kaunti ya Kilifi, ambamo Malindi imo, hubaki na leseni za biashara, maegesho, ushuru wa mazao na kodi ya ardhi. Gede iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024, heshima iliyostahili, lakini kila mgeni anayeongezeka kule humpa afisa wa mapato wa Malindi sarafu chache sana, huku takataka, barabara za vumbi na maji vikibaki mezani kwake.

Sasa tuuweke uwanja wa ndege kwenye kipimo. Njia yake ya kurukia ina urefu wa takriban mita 1,400, unaotosha ndege za panga-boi kama ATR. Mpango wa miaka mingi ni kuifikisha mita 2,500 ili jeti kubwa zitue moja kwa moja kutoka Ulaya, badala ya mgeni kushuka Mombasa na kusafiri kilomita 120 kwa basi. Mpango huo ulikwama muda mrefu kwenye fidia ya ardhi. Hata ukikamilika leo, ndege hizo zitakuja Desemba hadi Machi na Agosti. Kilele kitapanda, na bonde litabaki palepale. Tena litauma zaidi, kwa sababu hoteli zitaajiri watu wengi zaidi wa kuachishwa Aprili. Njia ya ndege si mradi mbaya. Ni mradi wa pili au wa tatu unaodai kiti cha kwanza.

Aina ya utalii inayofaulu kipimo ni mbili. Ya kwanza ni mgeni wa ndani. Shule za Kenya hufunga Aprili, Agosti na Desemba, na tangu treni ya SGR ianze kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017, familia ya Nairobi hufika pwani kwa gharama inayohimilika. Familia hiyo hula nje ya hoteli, hupanda tuktuk, hununua kanga na achari, na hulipa palepale. Ya pili ni semina. Mwaka wa fedha wa serikali huisha Juni 30, na kila anayezijua ofisi za umma anajua bajeti isiyotumika hukimbizwa pwani Mei na Juni kwa jina la warsha. Mzaha huo una fedha halisi ndani yake. Lakini semina haihitaji mwamba wa matumbawe. Inahitaji ukumbi wa watu 150, jenereta inayojiwasha yenyewe, intaneti isiyokatika, vyumba 80 vya hadhi sawa katika eneo moja, na ankara safi ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi. Malindi ina vyumba vya kutosha. Kumbi ndizo zinazopungua, na nyingi zilizopo ni migahawa iliyosogezwa viti.

Samaki wa hoteli moja

Wanaoutetea utalii husema hoteli ikijaa na mvuvi anashiba. Tuchukue mfano wa hesabu tu, si takwimu ya hoteli yoyote. Vyumba 100, asilimia 70 vimejaa, watu wawili kila chumba: wageni 140. Kila mmoja akila kiasi cha gramu 400 za samaki kabla hajasafishwa, ni kilo 56 kwa siku. Mayai mawili kwa kichwa ni 280, zaidi ya trei tisa. Vikundi vya wavuvi na wafugaji wa hapa wanaviweza viwango hivyo. Mbona basi lori la mboga na samaki hutoka Mombasa?

Sababu ya kwanza ni ukubwa. Jiko la hoteli linataka changu au tasi wa sahani, gramu 400 hadi 500, wote wakilingana, kila siku. Mtumbwi huleta ulichopata: kolekole mmoja mkubwa, dagaa ndoo mbili, pweza. Anayekusanya na kuchambua saizi ni tajiri wa samaki, na tajiri ana friza, ilhali kikundi hakina.

Sababu ya pili ni malipo. Hoteli hulipa baada ya siku 30 hadi 60. Mvuvi anataka pesa mchangani, kwa sababu mafuta ya mashine ya kesho hununuliwa jioni ya leo. Anayeziba pengo hilo ndiye mwenye biashara. Kwa kilo 56 kwa siku, bei ya kukadiria ya shilingi 400 kwa kilo na malipo ya siku 45, mtaji unaozunguka ni 22,400 mara 45, yaani shilingi 1,008,000. Milioni moja kwa hoteli moja. Hiyo ndiyo bei halisi ya kumwingiza mvuvi wa Malindi jikoni mwa hoteli, na haionekani katika mradi wowote unaoishia kugawa nyavu na maboti.

Sababu ya tatu ni karatasi. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS ina taabu kukubaliwa katika hesabu za kodi za hoteli. Mweka hazina wa hoteli atamchagua muuzaji wa Mombasa mwenye ankara kabla ya mama mwenye samaki bora asiye na ankara.

Sababu ya nne ni barafu. Katika joto la pwani kanuni ya kazi ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, tena kuanzia ndani ya chombo, si kuanzia bandarini. Jodari na nguru wakikaa juani saa chache, histamini hujijenga kwenye nyama, na haiondoki kwa kupikwa. Mgeni mmoja akivimba uso, mkataba umekwisha. Mtambo wa tani mbili kwa siku hula yuniti 55 hadi 85 za umeme kwa kila tani na karibu mita mbili za ujazo za maji safi kwa siku. Makosa hurudiwa kila mwambao: mfadhili hununua mtambo wa tani kumi kwa bandari inayoshusha tani moja, bili ya umeme hushinda mauzo, kamati isiyolipwa mshahara hukosa mtu wa kusafisha kondensa iliyojaa chumvi ya hewa, kompresa huungua, na jengo hugeuka ghala la nyavu kuukuu. Mtambo mdogo unaojaa kila siku ni bora. Kusi ikija na samaki wakapungua, barafu iuzwe kwa wenye sharubati, wenye kuku na watengeneza maua ya harusi. Asiyekubali kuuza barafu kwa mtu asiye mvuvi asikabidhiwe mtambo.

Samaki wadogo na waliokatika wana soko lao tayari, mama karanga, ambao hukaanga na kuuza mitaani mwaka mzima. Wao ndio wanunuzi thabiti kuliko hoteli yoyote. Mpango ukiwasukuma pembeni ili samaki wote waende kwa wageni, utakuwa umewaondolea watu kazi ya Mei ili kuongeza ya Januari.

Uwekezaji nao una misimu, na una ardhi

Chumvi ni mfano wa uwekezaji usiopita kipimo. Ukanda wa Ngomeni hadi Kurawa hutoa sehemu kubwa ya chumvi ya Kenya, na fizikia yake haihitaji maneno mengi. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina kiasi cha kilo 27 za chumvi ya kula. Maji husukumwa kutoka bwawa hadi bwawa yakikaushwa na jua na upepo, hadi kipimo cha Baumé, kinachoonyesha ukolevu wa maji ya chumvi, kifike 25 au 26, ndipo chumvi huanza kuganda. Yakikaribia 30, maji yaliyobaki hufunguliwa yatoke, la sivyo magnesi huitia chumvi uchungu na unyevu. Kazi hii inataka maelfu ya ekari tambarare, jua na ukavu. Kwa hiyo hushika ardhi nyingi, huajiri wachache kwa ekari, na wengi wao ni vibarua wa kiangazi. Masika yakinyesha, huachishwa sawa na wahudumu wa hoteli. Malalamiko ya wenyeji kuhusu kuondolewa kwenye mashamba na kuhusu visima vilivyochachuka chumvi yalikuwa mazito kiasi kwamba Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilifanya uchunguzi wa hadhara na kutoa ripoti mwaka 2006.

Ardhi ndiyo mwamba ambao kila mwekezaji hugonga. Mwaka 1908 serikali ya mkoloni ilitaka kila mwenye madai katika ukanda wa pwani wa maili kumi ayasajili. Jamii nyingi za Wamijikenda hazikusajiliwa, na ardhi yao ikahesabiwa kuwa ya serikali au ya mwenye karatasi. Hadi leo kijiji kizima kinaweza kuwa kinaishi juu ya hati ya mtu ambaye wajukuu wake wako ng'ambo. Mwekezaji hununua hati safi kabisa ofisini, akifika na tingatinga hukuta minazi, makaburi na msikiti. Baada ya hapo ni mahakama kwa miaka kumi.

Anayetaka kuepuka hilo hufuata mpangilio huu, bila kuruka hatua. Kwanza atembee shambani na chifu, wazee na majirani kabla ya kulipa chochote, aandike nani analima nini. Pili afanye upekuzi rasmi wa hati, na adai pia historia ya sajili, maana upekuzi wa kawaida huonyesha mmiliki wa leo tu. Tatu, kama ni ardhi ya kilimo, aombe kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi ndani ya miezi sita ya mapatano na akipate, la sivyo mauzo ni batili. Nne abadilishe matumizi ya ardhi kupitia kaunti, kisha aende NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa tathmini ya mazingira, kisha kibali cha maji. Raia wa kigeni akumbuke kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010: hamiliki ardhi zaidi ya kukodi miaka 99, na hati za milele walizokuwa nazo wageni ziligeuzwa kuwa za muda huo. Wataliano wengi wenye nyumba Malindi walilijua hilo siku walipotaka kuuza.

Mifano miwili ya jirani inaonyesha gharama ya kukimbilia mradi mkubwa bila kumaliza mambo na wenyeji. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya, na mwaka uliofuata leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliopangwa Lamu ikabatilishwa na jopo la taifa la rufaa za mazingira kwa kasoro za ushirikishaji wa umma. Karibu zaidi na Malindi, pendekezo la kinu cha nyuklia huko Uyombo, jirani na Watamu, lilizusha maandamano mwaka 2024. Katika kisa cha Uyombo wenye hoteli na wavuvi walisimama upande mmoja. Mwekezaji aliyewaunganisha hao wawili amekosea hesabu tangu mwanzo.

Korosho, kwa sababu huhifadhika

Uwekezaji unaofaulu kipimo cha Mei ni ule ambao malighafi yake huvunwa kiangazi na kusindikwa masika. Samaki hasubiri. Embe hasubiri. Korosho husubiri. Huvunwa kuanzia Novemba hadi Februari au Machi, na ikikaushwa hadi unyevu wa asilimia 8 hivi, ikawekwa kwenye magunia ya mkonge juu ya chaga ghalani, hukaa mwaka bila kuharibika.

Kilifi ilikuwa na kiwanda. Kilianza miaka ya 1970, kikabinafsishwa miaka ya 1990 na kufungwa kikiwa na madeni, wakulima wakibaki bila soko na wengine wakikata mikorosho kwa makaa. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku kuuza nje korosho ghafi ili viwanda vya ndani vipate mali. Marufuku pekee hayakutosha, kwa kuwa miti yenyewe ilikuwa imezeeka na ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, ulikuwa ukila maua. Kiwanda kikubwa kisicho na miti ni gofu jipya tu, na Pwani ina magofu ya kutosha.

Kinachofaa ni karakana ndogo. Chukua tani moja ya korosho ghafi kwa siku, siku 25 kwa mwezi, Aprili hadi Septemba: siku 150, tani 150, sawa na magunia 1,875 ya kilo 80. Kwa bei ya kukadiria ya shilingi 60 kwa kilo, mali hiyo hununuliwa kwa milioni 9, zote zikitoka mfukoni ndani ya miezi ya mavuno, na senti ya kwanza ya mauzo hurudi Mei. Hapo ndipo karakana nyingi hufa. Mashine zimenunuliwa kwa msaada, fedha ya kununulia korosho haipo, mlanguzi anapita shambani na pesa taslimu, na ikifika Aprili ghala lina magunia 200.

Kazi yenyewe: korosho huchambuliwa kwa ukubwa, hupikwa kwa mvuke, hulazwa usiku mmoja ganda likauke na kukakamaa, hubanguliwa kwa mashine ya mkono na mguu, punje hukaushwa kwenye tanuri hadi unyevu wa asilimia 5 hivi, huondolewa ngozi nyekundu, kisha hupangwa kwa madaraja. Kilo 100 ghafi hutoa kilo 20 hadi 25 za punje. Mbanguaji mpya hufanya labda kilo 15 ghafi kwa siku, kwa hiyo tani moja inataka watu 67 hivi wa kubangua, na wengine kadiri ya nusu ya hao wa kumenya na kupanga. Hiyo ni idara nzima ya vyumba ya hoteli mbili au tatu. Mafuta ya ganda huunguza mikono. Glavu za mpira mwepesi hupasuka, na wabanguaji wazoefu hujipaka mafuta ya kupikia kabla ya kushika. Punje nzima hulipa karibu maradufu ya zilizovunjika, na kuvunjika hutokana hasa na haraka: mvuke mfupi mno, au kubangua kabla ganda halijapoa. Kwa hiyo kulipa mbanguaji kwa kilo pekee ni kujitia hasara. Alipwe kwa kilo na kwa asilimia ya nzima.

Soko la kwanza liko mlangoni, kwenye baa na maduka ya zawadi ya hoteli zilezile, lakini Agosti na Desemba. La pili ni maduka makubwa ya Mombasa na Nairobi, ambayo yanadai alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na hulipa polepole. Minazi inaweza kuongezwa kwa mantiki hiyohiyo, kwa vile huzaa mwaka mzima, na makuti ya kuezekea yana mteja ambaye ni hoteli zilizofungwa, maana Mei na Juni ndiyo miezi ya kukarabati mapaa. Akina mama wanaosuka makuti tayari wanaijua kalenda hii bila kuandikiwa ripoti.

Kinachotangulia vyote

Malindi hupata maji kutoka visima vya Baricho kando ya Sabaki, yakisukumwa kwa umeme masafa marefu, na visima hivyohivyo huihudumia Kilifi na Mombasa. Umeme ukikatika, mji hukauka. Hoteli yenye bwawa na bustani hutumia mamia ya lita kwa mgeni mmoja kwa siku, na karakana ya korosho haina mvuke bila maji. Maji taka ni mabaya zaidi, kwa kuwa mji umeegemea mashimo na matangi ya nyumbani yaliyochimbwa kwenye jiwe la matumbawe linalopitisha maji kama ungo. Kinachovuja huingia visimani na baharini.

Wapangaji hupenda kuanza na mtandao wa mabomba ya maji taka. Hapa si mwanzo mzuri: mabomba yanahitaji maji ya kutosha yapite ndani yake, na kila nyumba ilipe kuunganishwa, na mtandao usiounganishwa ni mtaro uliozikwa. Kianze kituo cha kupokea na kutibu uchafu wa malori ya kunyonya, chenye vitanda vya kukaushia na mabwawa, nje ya mji lakini si mbali kiasi cha dereva kushawishika kumwaga kichakani. Tangi la nyumba linapaswa kunyonywa kila miaka mitatu hadi mitano. Kaunti ikiratibu ratiba hiyo mtaa kwa mtaa, bei ya lori hushuka, na mapato yake ni ya kaunti, hayapiti Nairobi.

Kwa hiyo hukumu ya kisa hiki ni uwekezaji kwanza, lakini si ule wa makongamano. Mpangilio wa shilingi ya umma uwe: maji na kituo cha uchafu, hati za ardhi kwa vijiji vilivyo katika maeneo yatakayojengwa, mtaji unaozunguka wa samaki na korosho, ukisimamiwa na chama cha akiba na mikopo chenye meneja anayelipwa, kumbi mbili za semina zikijengwa na wenye hoteli wenyewe kwa kupunguziwa ada za kaunti kwa miaka kadhaa, kwa sharti la kubaki na wafanyakazi Mei na Juni. Njia ya ndege ifuate baadaye, kwa fedha ya taifa.

Anayetaka kuanza na korosho ahesabu kurudi nyuma. Kubangua kuanze Aprili. Ghala lijazwe kufikia mwisho wa Februari. Mkopo uwe mkononi Oktoba. Salfa ya kupulizia maua dhidi ya ubwiri unga iwe imewafikia wakulima kabla mikorosho haijachanua, kiasi cha Julai. Kamati ikikutana mara ya kwanza Novemba, mavuno ya mwaka huo ni ya mlanguzi.